Kidonge Kimoja Mimi, Kimoja Yeye

Kasense, Sumbawanga
14 Juni 1993

Mwanangu Zita,

Pokea salamu zangu, za kaka yako Flavian, na za wifi yako Cornelia ambaye ndiye anayeandika, maana mimi na kalamu hatujawahi kupatana. Sisi tu wazima. Baridi ya mwaka huu imekuja na hasira, hatutoki motoni mpaka jua lipande. Wewe je, kifua kimepoa? Kazi ya duka la dawa umeizoea? Hapa tunasikia kwamba siku hizi kila mwenye uwezo anaruhusiwa kufungua duka la dawa kama vile duka la chumvi. Basi nimefurahi kwamba wewe uko ndani ya mojawapo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kucha zangu za mikono zimeharibika. Ulianza ukucha wa dole gumba, ukawa wa njano, ukanenepa, sasa unamong'onyoka kama ukoko wa ugali. Ugonjwa ukahamia vidole vinne. Nimepaka mafuta ya taa, nimeloweka kwenye maji ya chumvi, nimekwangua kwa wembe. Cornelia hunishikia mkono, halafu wembe huohuo naye anajikatia kucha zake. Haisaidii. Jumamosi nilipochuja pombe ya ulezi, mteja mmoja aliniangalia vidole, akaweka kata chini bila kunywa. Kwenye kisima wanasema nimepata ule ugonjwa wa kukondesha watu. Mimi na unene huu!

Kuna jambo jingine. Cornelia hataki kuliandika, nimemwambia barua ni yangu. Mwaka wa sita sasa na bado hajashika mimba. Baba yako mkubwa Isdori amekuja tena na wazee wawili kumshauri Flavian aoe mwingine. Flavian ameinamisha kichwa tu, unamjua. Mimi nikamwambia Isdori akachunge mbuzi wake. Maadamu niko hai, huyu hatoki katika nyumba hii. Tulimwoa yeye, hatukuoa tumbo. Sasa anaandika huku analia, na karatasi anailowesha.

Niulizie dawa.

Ni mimi mama yako,
Hellena


Mbeya
3 Julai 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa utingo wa basi, ikiwa na alama za machozi ya wifi kweli. Kifua kimepoa, kazi inaendelea. Wifi Cornelia, ahsante kwa mkono wako mzuri. Soma polepole, leo nina maneno ya kitaalamu.

Mama, nimemweleza Daktari Lugano, ndiye mwenye duka. Anasema hiyo inaelekea kuwa fangasi ya kucha, wala si ule ugonjwa wa kisimani. Fangasi ni kitu hai, kidogo mno, kinapenda maji na joto. Wewe unashinda na mikono ndani ya maji, unaloweka ulezi, unakanda kimea, unachuja, unaosha vyungu, na hata mikono haijakauka unaanza upya. Kwake hiyo ni karamu. Anaingia chini ya ukucha na kuula taratibu. Mafuta ya taa hayamfikii, yanakuunguza wewe tu.

Anza hivi. Mikono ukishaosha, ifute ikauke, hata katikati ya vidole. Kucha zikate fupi. Na wembe, mama! Kila mtu na wake. Fangasi husafiri kwa wembe, kwa taulo, kwa viatu vya kuazimana. Mlikuwa mnagawana ugonjwa bila kujua.

Ila kupona kabisa kunataka dawa ya kumeza, na ya muda mrefu. Kabla ya kuitoa daktari anataka uhakika, kwa sababu kucha huharibika kwa mambo mengi, na dawa ni nzito kwa ini. Kwa hiyo kata vipande vya kucha zilizoharibika, funga kwenye karatasi safi, tia kwenye bahasha, nitumie. Vitapimwa kwa darubini.

Mwambie baba mkubwa Isdori namsalimu, lakini kidogo.

Mwanao,
Zita


Kasense
1 Agosti 1993

Mwanangu Zita,

Marahaba. Tunaendelea vizuri, ulezi umekauka, Flavian ameondoka na malori ya mahindi kwenda Tunduma.

Maneno yako Cornelia ameyasoma mara tatu. Taulo tumetenganisha. Wembe tumetenganisha. Lakini kuhusu bahasha, mwanangu, mji umekutia wazimu? Nikate kucha zangu, mimi Hellena, nizifunge kwenye karatasi, nimpe utingo nisiyemjua azipitishe vituo vyote mpaka Mbeya? Na bahasha ikipasuka Laela je? Mtu akiokota kucha za mtu hapa kwetu, atasema ni za kupimwa kwa darubini? Wataulizana ni nani anayemalizwa. Kucha zangu nimezikata na kuzichoma moto. Hazipandi basi.

Cornelia anacheka mpaka anakosea mistari. Anasema nikuombe dawa hivyohivyo. Huyo daktari abahatishe.

Mama yako,
Hellena


Mbeya
5 Septemba 1993

Mama,

Shikamoo. Daktari Lugano naye amecheka, halafu akakiri kwamba hata bibi yake wa Rungwe angejibu vilevile. Amekubali kubahatisha kwa sababu dalili zinafanana. Huyo mama anayekuletea kifurushi anaitwa Atusaye, ni mfanyabiashara wa Majengo, mpe kuku akitaka.

Ndani kuna vidonge vya griseofulvin vya miezi tisa. Wifi, hapa usiruke hata neno. Mama, meza kimoja kila asubuhi, tena pamoja na maziwa au karanga, kwa sababu bila mafuta dawa hii haiingii mwilini vizuri. Usiache ukiona ukucha mzuri unachipuka kwenye shina. Wengi huacha hapo, na fangasi anarudi. Ukucha wa mkono huchukua nusu mwaka kukua wote, wa mguu mwaka na zaidi. Pombe usiguse, hata kuonja. Najua utanuna. Mwonjaji awe Cornelia. Ukiona macho yamekuwa ya njano au ngozi inawasha, acha mara moja uende zahanati.

Yapo makatazo mengine ambayo kwako hayahusu, kwa hiyo sikuyaandika.

Mwanao,
Zita


Kasense
15 Januari 1994

Mwanangu Zita,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshachakaa kidogo. Mvua zinanyesha kama zimelipwa. Barabara ya Tunduma malori yanalala kwenye matope siku tatu, kwa hiyo barua hii sijui itakukuta lini.

Kucha zinapona! Zimechipuka nyeupe kwenye shina, zile mbovu zimesogea nje na ninazikata kidogo kidogo. Yule mteja wa kata amerudi, anakunywa na kusifia. Ila vidonge vimebaki vichache sana, tuletee vingine. Usinihesabie ulafi. Cornelia naye vidole viwili vilikuwa vimeanza, nadhani ule wembe. Ningekaaje namuona anaharibika mikono mimi nikipona peke yangu? Kitu kikija kwenye kifurushi katika nyumba hii hakina mwenyewe. Basi tangu wiki ya kwanza, kila asubuhi, kidonge kimoja mimi, kimoja yeye. Namwekea kiganjani mwenyewe na kikombe cha maziwa, kwa sababu ni msahaulifu na maziwa anayakwepa.

Sasa kaa chini. Cornelia ana mimba. Mwezi wa nne umeingia. Hatukumwambia mtu, unajua mimba changa haitangazwi, hata mimi nilijua kwa kuona anachukia harufu ya kimea. Sasa inaonekana, Isdori mwenyewe ameiona kanisani, akaja na debe la maharage na mdomo umefungwa. Flavian anaimba mpaka majirani wanauliza. Cornelia hapa anatabasamu na kuficha uso, anasema barua hii aiandike mtu mwingine.

Mungu ametukumbuka, mwanangu.

Mama yako,
Hellena


Mbeya
29 Januari 1994

Mama, na wewe wifi Cornelia unayesoma,

Shikamoo mama. Sitauliza hali leo. Wifi, kabla hujamsomea mama, wewe mwenyewe acha vidonge vile. Acha leo. Visiguse tena kinywa chako. Halafu nenda zahanati ukapimwe, ueleze umemeza nini na kwa muda gani.

Daktari aliniambia mwezi wa tisa, kwa maneno haya: dawa hii haifai kabisa kwa mwenye mimba, yaweza kumdhuru mtoto au kuitoa mimba, na hata mwanamke anayetazamia kushika mimba asiimeze. Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo. Niliifuta. Nilisema moyoni, mama amepita umri wa kuzaa, haimhusu. Na nilijua anayesoma ni wewe, wifi. Niliona nikiandika habari za wenye mimba nitakulazimisha kutamka kwa mdomo wako, mbele ya mkwe wako, kitu ulichonyimwa miaka sita. Niliona haya kwa niaba yako. Niliona nakuheshimu.

Sikufikiri kwamba mtagawana. Nilipaswa kufikiri. Nimekulia katika nyumba hiyo, nimegawana humo hata nusu ya kiazi.

Mama, wewe huna kosa, hukuambiwa. Kosa ni langu. Daktari anasema wapo waliomeza na wakajifungua salama, basi tushikilie hapo. Nampa barua hii dereva wa basi la kesho, ameniapia.

Nijibuni upesi.

Zita


Mbeya
20 Februari 1994

Mama,

Shikamoo. Wiki ya tatu sasa kimya. Naenda stendi kila jioni, wananiambia daraja limekatika, mabasi hayapiti. Nimeomba ruhusa nije, nimenyimwa kwa sababu mwenzangu anaumwa. Cornelia anaendeleaje? Mnijibu hata kwa neno moja.

Mwanao Zita


Kasense
10 Machi 1994

Mwanangu Zita,

Tunakusalimu, tulio hai. Mtoto hakukaa. Ilikuwa tarehe mbili Februari. Cornelia alianza kuumwa kiuno akiwa shambani anapalilia, jioni ikawa imekwisha. Alikuwa wa kiume. Tulimzika sisi wanawake peke yetu kama ilivyo desturi, bila matanga, nyuma ya nyumba upande wa migomba. Nimezika mume, nimezika dada zangu wawili, lakini hiki kidogo kimenivunja mgongo, kwa sababu hata jina hatukukipa.

Barua zako mbili zimefika siku moja, zimelowa, mwishoni mwa mwezi. Cornelia amenisomea akiwa bado amelala. Amesema unatuambia tuviache vidonge kwa sababu muda wake wa matumizi umepita. Tumevitupa chooni. Pole kwa hofu uliyokuwa nayo, havijatudhuru. Kucha zangu nane ni nzima, mbili bado kidogo.

Isdori amerudi na maneno yake. Anasema tumbo la huyu ni gunia lililotoboka, hata likitiwa haliweki. Nimemfukuza, lakini kwa sauti ndogo kuliko zamani. Nakwambia wewe mwanangu kwa kuwa ni wewe: na mimi nimeanza kujiuliza. Cornelia anaandika haya, hakatai. Siku hizi hakatai kitu.

Mama yako,
Hellena


Kasense
11 Machi 1994

Wifi Zita,

Salamu. Hii ni barua yangu mimi, naiweka katika bahasha moja na ya mama. Sijawahi kukuandikia kwa jina langu, kwa hiyo vumilia.

Barua yako ya Januari niliisoma mara mbili kimya kabla ya kufungua mdomo. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenishika mguu, anasema soma basi, mtoto anasemaje. Nikamwangalia mikono. Ni mikono hiyohiyo iliyoniwekea kidonge kiganjani kila asubuhi, miezi minne, na kunisimamia mpaka nimalize maziwa. Nikasema, anasema muda wa vidonge umepita. Uongo ulikuja wenyewe.

Wifi, huyu mama amenisimamia miaka sita mbele ya ukoo mzima. Mama yangu mzazi hakufanya hivyo. Yeye alinitumia ujumbe niwe tayari kurudi. Nikimwambia kwamba huenda ni mkono wake uliomtoa mjukuu wake, hatakula tena. Nimeuliza zahanati. Muuguzi amesema mimba hutoka kwa sababu mia, na hakuna anayeweza kusema hii ilitoka kwa ipi. Basi kama hakuna anayejua, kwa nini ajue yeye?

Hata barua yako ingewahi, nadhani isingesaidia. Dawa nilikuwa nimeshaimeza tangu kabla sijashika mimba. Usijiue kwa mawazo.

Na ile sentensi uliyoifuta kwa ajili yangu. Nimekaa nayo sana. Ningeweza kuitamka, wifi. Nilikuwa nimeshasema magumu kuliko hayo kwa kalamu hii, mama aliponiandikisha habari zangu mwenyewe.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwandikie tena jambo hilo, kamwe. Barua nimezihifadhi kwenye kisanduku changu, hakuna anayejua kusoma ila mimi na Flavian, naye hasomi barua za wanawake.

Vidole vyangu vimepona vyote.

Wifi yako,
Cornelia


Mbeya
2 Aprili 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimelia sana. Poleni wote, na wifi pole zaidi. Ndiyo mama, ni kweli, vidonge vile muda wake ulikuwa umepita. Mmefanya vyema kuvitupa.

Nakuomba usimsikilize baba mkubwa. Mimba ikitoka si dalili kwamba tumbo ni bovu. Mpeni Cornelia muda, ale vizuri, apumzike. Aliyeshika mara moja atashika tena. Nisikilize mimi kwa hili kuliko nilivyowahi kukuomba unisikilize.

Wifi, nimesikia, nitafanya ulivyosema.

Mwanao,
Zita


Kasense
18 Septemba 1994

Mwanangu Zita,

Salamu nyingi. Utashangaa mwandiko umebadilika. Anayeandika ni Katekista Leonsi, namlipa kwa mayai.

Cornelia ameondoka. Amerudi kwao Mpui tangu Julai. Sikukuandikia mapema kwa sababu mwandishi wangu ndiye aliyekuwa anaondoka, na ningemwandikishaje hilo? Isdori aliitisha kikao cha ukoo. Walizungumza kuanzia asubuhi. Flavian alisema yeye atafuata wazee. Wakaniuliza mimi, maana mimi ndiye nilikuwa nazuia siku zote. Mwanangu, nilichoka. Nilifikiri, labda wanasema kweli, labda nang'ang'ania mti usiozaa na kumzibia mwanangu njia. Nilimwambia Cornelia mbele ya wote, nenda mwanangu, ukapumzike kwenu. Alinipigia magoti akanishukuru kwa miaka yote, akafunga nguo zake. Watu walisema ana adabu.

Flavian ameletewa msichana wa wale wafugaji wa bondeni, anaitwa Minza. Ni mpole, lakini Kiswahili chake na changu vinapishana, tunacheka tu. Tayari ana mimba. Isdori anatembea kama yeye ndiye aliyeitia.

Pombe inauzika. Kucha zote kumi ni nzima. Lakini nyumba ni kimya, sina wa kunitania. Kisanduku cha Cornelia kimebaki, alisema barua zako ni zangu, nizitunze mpaka uje. Nimemwomba Leonsi anisomee zote tangu mwanzo, Jumapili baada ya misa, nisikie tena tulivyokuwa tunacheka.

Mama yako,
Hellena


Mbeya
30 Septemba 1994

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo mchana na naandika nimesimama. Usisome zile barua. Mwambie katekista aziache, nitakuja Krismasi nikusomee mwenyewe. Kuna mambo ya dukani humo ambayo hatayaelewa. Tafadhali mama, ziache.

Zita


Kasense
12 Oktoba 1994

Mwanangu Zita,

U mzima? Mimi nipo. Barua yako ya kuniambia nisisome ilifika Jumatano. Leonsi alikuwa amesoma Jumapili iliyotangulia.

Tulianza vizuri. Ile ya kucha na darubini tulicheka, Leonsi naye akacheka mpaka akavua miwani. Alipofika ya Januari alisoma mstari wa kwanza, akaikunja. Nikamwambia soma. Akasema, mama Hellena, hii labda si ya leo. Nikamwambia, katekista, nimekupa mayai, soma. Akasoma yote. Nikamwomba airudie, nikidhani amekosea, kwa sababu Cornelia hakunisomea hivyo. Akairudia.

Sikulala siku hiyo wala iliyofuata. Jumanne nilipanda lori la mahindi mpaka Mpui. Nilimkuta shambani kwa kaka yake anafukia majani kwenye matuta. Aliponiona alitupa jembe, akaja mbio, akifikiri nimeleta habari ya msiba. Nilipiga magoti palepale kwenye udongo. Mama mkwe hampigii magoti mkamwana, najua, watu walikuwa wanatazama. Yeye akapiga magoti pia, tukabaki hivyo wote wawili kama wendawazimu.

Nikamwuliza, "Ulijua?"

Akasema, "Nilijua, mama."

"Siku ya kikao ulijua?"

"Nilijua."

"Isdori alipokuita gunia lililotoboka, mbona hukusema? Neno moja tu lingekubakiza."

Akaangalia chini. "Ningesemaje, mama? Niwaambie ni wewe?"

Nikamwambia basi turudi nyumbani, nitaitisha kikao mimi, nitasema yote. Akatikisa kichwa, taratibu, unamjua. Akaniambia, "Na yule binti wa watu atakwenda wapi na tumbo lake? Naye nani amfukuze?" Alinisindikiza mpaka barabarani, akanitafutia lori la kurudi, akamwambia dereva huyu ni mama yangu, umshushe Kasense mlangoni.

Nilikwenda kwa Isdori nikamweleza mbele ya wazee walewale. Aliomba maji. Flavian nilimwambia peke yake. Alitoka nje akakaa kwenye kile kijilima upande wa migomba mpaka Minza akamfuata na koti.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kwamba kosa ni lako. Cornelia naye, tukingoja lori, aliniambia kwamba kosa ni lake, hakuuliza yale makatazo mengine ni yapi. Acheni kugombania. Ameniambia muuguzi wa zahanati alisema hakuna ajuaye mimba ilitoka kwa nini, na mimi nimelikubali hilo, nimemwachia Mungu. La mtoto naweza kulibeba. Nilimpa dawa kwa kumpenda.

La kikao ndilo sina pa kuliweka. Wewe ulinyamaza kwa kumheshimu, yeye akanyamaza kwa kunihurumia. Mimi peke yangu ndiye niliyepewa nafasi ya kusema, wakaninyamazia wote wanisikilize, nikasema nenda.

Usingoje Krismasi. Njoo kabla mvua hazijafunga barabara, unipeleke tena Mpui. Peke yangu siwezi, nikifika pale napigwa na haya, namwangalia miguu tu.

Mama yako,
Hellena